Kisiwa cha Bandari Mbili: Mombasa kwa Mgeni Anayetaka Kuijua

Mombasa ni kisiwa, ingawa wengi waingiao kwa barabara hawalitambui hilo. Hadi mwaka 2022 njia ya Makupa ilikata maji bila kujionyesha kuwa ni kivuko, na treni ya kutoka Nairobi siku hizi huishia Miritini, upande wa bara, kabla haijaiona bahari. Hata hivyo mji huu haueleweki mpaka ikumbukwe kuwa umezungukwa na maji, na kwamba maji hayo yameupa bandari mbili zisizofanana. Mashariki, kwenye mlango wa hori ya Tudor, iko Bandari ya Kale, nyembamba na tulivu, iliyowafaa manahodha wa majahazi. Magharibi iko Kilindini, yenye kina cha kupokea meli kubwa za chuma. Kwa karne nyingi mji ulikaa ukiielekea bandari ya kwanza. Ilipoanza kujengwa reli mwaka 1896, uligeuka polepole ukaielekea ya pili. Sehemu kubwa ya vitu vinavyostahili kutazamwa kisiwani imelala kwenye njia ya mgeuko huo, na anayetaka kuvielewa hana budi kuufuata: aanzie mashariki, akikate kisiwa hadi Kilindini, ndipo avuke kwenda bara.

Waongozaji wa watalii kwa kawaida huanza na ngome na kumaliza kwa ufuo wa Nyali au Diani. Hakuna ubaya, ila mpangilio huo humwachia mgeni fikra kwamba Mombasa ilianzishwa na Wareno. Ngome ni kazi ya watu waliokuja kuuteka mji uliokuwa na umri wa karne kadhaa. Alama za wenye mji ni za aina nyingine: misikiti, makaburi, mabaraza, na lahaja ya Kimvita inayosikika vichochoroni hadi leo.

Mji kabla ya ngome

Masimulizi ya wenyeji humtaja Mwana Mkisi, malkia aliyetawala mahali palipoitwa Kongowea, na baada yake Shehe Mvita, ambaye jina lake likawa jina la mji. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa, kwenye eneo la hospitali kuu ya Pwani, mabaki ya makazi yanayoanzia takribani miaka elfu moja iliyopita. Mji wa mwanzo basi ulikuwa hapo, kaskazini ya Mji wa Kale wa leo. Machache yamesalia juu ya ardhi.

Wenyeji wenyewe hujigawa katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Matatu kati yao, Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, huunda Tatu Taifa. Yaliyobaki ni Tisa Taifa, ambayo mengi yamebeba majina ya miji waliyotoka wazee wao, kama vile Mtwapa, Kilifi, Pate na Shaka. Mgawanyo huu si hadithi ya zamani tu. Uliongoza siasa za mji, mapatano yake na wageni, na hata mashindano ya ngoma, mpaka karne ya 20.

Ibn Battuta alipita mwaka 1331 akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja. Aliyoyaandika ni machache, lakini yanatosha kumfanya msomaji auone mji: watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, chakula chao ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka bara, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni pa kila msikiti kisima cha kuoshea miguu. Kufikia mwanzo wa karne ya 16 mji ulikuwa umejaa nyumba za mawe za ghorofa. Vasco da Gama alitia nanga mbele yake mwezi Aprili 1498, akapokewa kwa mashaka, akaenda zake Malindi alikokaribishwa. Uhasama ulioanza hapo uligharimu sana. Francisco de Almeida aliuteka na kuuchoma mji mwaka 1505. Nuno da Cunha akarudia mwaka 1528. Na mwaka 1589, wakati Mturuki Amir Ali Bey alipokuwa amejiimarisha kisiwani na kundi la wapiganaji walioitwa Wazimba likingoja ng’ambo, manowari za Wareno ziliupiga mji tena. Baada ya hapo waliamua kukaa.

Ngomeni

Ngome ya Yesu, ambayo ramani huiandika Fort Jesus na watu wa Mombasa huiita Ngomeni, ilianza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa Bandari ya Kale. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa mjenzi mkuu wa Wareno katika makoloni yao ya India. Ulaya ya wakati ule iliamini kuwa vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo kielelezo cha ukamilifu, na Cairati aliifuata imani hiyo: ikitazamwa kutoka juu, ngome ina umbo la mtu aliyelala chali. Lakini umbo hilo lilikuwa na kazi ya vita pia. Buruji zake nne, San Felipe, San Alberto, San Matias na San Mateus, zimejitokeza kwa namna ambayo adui aliyefika chini ya ukuta wowote angeweza kupigwa kutoka buruji ya jirani. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 kwa sababu hiyo hasa, kwamba ni mfano mzuri na uliohifadhika wa ujenzi wa kijeshi wa Wareno wa karne ya 16.

Mgeni anayeingia asipite langoni haraka. Juu yake kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu kuwa ameitiisha miji ya mwambao. Majisifu hayo yana asili yake. Mwaka 1614 mfalme wa Mombasa, Hasan, aliuawa huko Rabai kwa hila za Wareno, na mwanawe Yusuf akapelekwa Goa angali mtoto. Huko alibatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akalelewa awe mfalme mtiifu, kisha akarudishwa kutawala. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, na Wareno karibu wote wa mjini wakauawa. Manowari zilizotumwa kumwadhibu alizihimili, halafu mwaka uliofuata akaiacha ngome na kukimbilia Uarabuni. Yusuf bin Hasan ndiye mtu wa Mombasa ambaye riwaya nzuri ingeweza kuandikwa juu yake kila kizazi; lakini ngomeni anayesomeka mlangoni ni Cabreira.

Kisa kikubwa cha pili ni kuzingirwa kwa ngome na Waomani kuanzia Machi 1696. Ndani waliingia Wareno wachache pamoja na Waswahili waliofungamana nao, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Njaa na maradhi viliua kuliko risasi. Kuna wakati katika mwaka 1697 ambapo makapteni wa Kireno walikuwa wamekwisha kufa, na aliyeongoza ulinzi alikuwa Mwislamu, Shehe Daud wa Faza. Habari hiyo inafaa kumfikia kila mgeni anayedhani vita vile vilikuwa vya dini mbili zinazotazamana. Msaada uliotoka Goa ulichelewa au ulipotea. Merikebu Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome mwezi Oktoba 1697. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na tatu, ikiwa na walinzi wa kuhesabika kwa vidole.

Merikebu hiyo ndiyo iliyolinufaisha zaidi jumba la makumbusho la ngome. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi walioongozwa na Robin Piercy waliichimbua katika tope la bandari, na vitu vilivyotolewa, pamoja na mabaki ya mbao zake, vimepewa nafasi ndani ya ngome. Mbali na hivyo kuna vyombo vya kauri kutoka Uchina na Uajemi vilivyopatikana katika magofu ya mwambao, na michoro ya ukutani ya Wareno waliokaa ngomeni, ambao bila shaka hawakufikiri kuwa kuchorachora kwao kungetazamwa baada ya miaka mia nne. Penye buruji ya San Felipe ipo nyumba ya Kiomani ya mwishoni mwa karne ya 18; juu yake bandari yote huonekana. Upo pia ukumbi wa Mazrui wenye mabaraza ya mawe, kisima, birika la maji ya mvua, na njia iliyochongwa ndani ya mwamba kuteremkia baharini.

Mazrui ndio waliokaa ngomeni kwa muda mrefu kama watawala wa mji wenyewe. Waliletwa na Maimamu wa Omani kuwa maliwali baada ya Wareno kurudi kwa muda mfupi mwaka 1728 na kufukuzwa na wenyeji mwaka uliofuata. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa madaraka Omani katika miaka ya 1740, Mazrui walikataa kuutii, na kwa karibu karne nzima Mombasa ilijitawala. Ndio wakati wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki mwaka 1840, aliyelitoa shairi katika mawaidha na kulifanya silaha ya siasa, mizaha ya mapenzi na malalamiko ya bei za vitu. Seyyid Said wa ukoo wa Busaidi aliwashinda Mazrui mwaka 1837. Baadhi yao walihamia Gazi na Takaungu. Makaburi yao yako hatua chache kutoka ngomeni, na wageni wengi huyapita bila kujua.

Mlolongo uliobaki ni wa haraka. Mwaka 1875 Al-Akida, kamanda aliyemwasi Sultani wa Zanzibar, alijifungia ndani mpaka manowari za Waingereza zilipoipiga ngome mizinga. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya gereza, ingawa bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu yake hadi mwaka 1963, kwa kuwa mwambao ulihesabiwa kuwa milki yake. Gereza lilihamishwa mwaka 1958, na kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman aliichimbua na kuifungua kuwa jumba la makumbusho mwaka 1960. Asubuhi ndio wakati wake. Kufikia adhuhuri mawe huwa yamekwisha kuchemka na kivuli ni haba.

Mji wa Kale

Kutoka ngomeni mgeni huingia moja kwa moja katika Mji wa Kale, uliotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Jina linaweza kudanganya. Nyumba nyingi zinazoonekana leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, na roshani za mbao zinazoning’inia juu ya njia ni athari ya mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Kilicho cha kale zaidi ni mpango wenyewe wa mitaa: njia nyembamba zinazopinda ili kuleta kivuli, mabaraza ya mawe nje ya milango, na misikiti ya mitaa iliyo karibu kiasi kwamba adhana hupokezana. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari za zamani huegemea boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba.

Barabara ya Mbarak Hinawy, inayopita sambamba na bandari, imepewa jina la liwali wa Pwani ambaye pia alikuwa mwandishi. Kitabu chake juu ya Al-Akida na ngome kilichapishwa mwaka 1950. Katika mitaa hii upo msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1570 na ni wa zamani kuliko misikiti yote inayosaliwa mjini, pamoja na msikiti wa Basheikh. Minara yake mifupi na myeupe, inayokonda kuelekea juu, ni ya mtindo wa mwambao na haifanani na ile mirefu iliyoletwa baadaye. Asiye Mwislamu na aulize kabla ya kuingia, asije wakati wa sala. Akiruhusiwa, atavua viatu. Ijumaa adhuhuri mitaa hujaa waendao msikitini, na siyo saa ya matembezi.

Ndia Kuu, yaani njia kuu kwa Kimvita, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa mji. Mwanzoni mwa karne ya 20 njia za Mombasa zilikuwa na reli ndogo, na maofisa na matajiri walipanda vitoroli vilivyosukumwa na watu mpaka Kilindini. Milango ya kuchonga imebaki kwenye nyumba kadhaa, na anayetazama kwa makini atatofautisha ile ya asili ya mwambao, yenye nakshi za maua na mstari wa maandishi juu, na ile yenye misumari ya shaba iliyofuata desturi ya India. Mbele zaidi iko Nyumba ya Leven, yenye jina la manowari ya kapteni William Owen, ambaye mwaka 1824 aliwakubalia Mazrui ulinzi wa Uingereza bila idhini ya serikali yake. Ulinzi huo ulivunjwa mwaka 1826. Kumbukumbu iliyobaki ni nyumba, ngazi za kuteremkia majini, na jina la Port Reitz, kutokana na luteni kijana aliyeachwa kuwa gavana akafa kwa homa mwaka huohuo wa 1824.

Bandari ya Kale ipo chini tu ya uwanja uliokuwa kitovu cha utawala. Zamani, kaskazi ilipovuma kuanzia Desemba, majahazi yalifika kutoka Arabuni, Ghuba na India yakiwa na tende, papa, mazulia na masanduku. Kusi ilipoanza yalirudi na boriti, nafaka na pembe. Safari hizo zimepungua sana, na mgeni asitegemee kukuta msitu wa milingoti. Kupiga picha bandarini huhitaji ruhusa. Soko la samaki lililo jirani huchangamka asubuhi, mashua zinapotia nanga.

Kula ni sehemu ya kuuona mji, tena si ndogo. Asubuhi huliwa mahamri na mbaazi za nazi. Jioni, vichochoro vya Kibokoni na mitaa ya karibu hujaa meza na karai: viazi karai vyenye chatini ya ukwaju, bajia, mishkaki, mkate wa kumimina, kaimati. Muuza kahawa bado huonekana na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe kujitangaza; kahawa tungu huteremshwa kwa halua au kashata. Biriani na samaki wa kupaka ni chakula cha kukaa kitako. Katika mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa na si adabu kula njiani, lakini baada ya futari mji hukesha, na Iddi inapoandama watoto hukusanyika kwenye uwanja wa Makadara kwa michezo na vyakula. Atakayepata mwaliko wa harusi asiukatae. Taarab ya Mombasa, iliyokuzwa na waimbaji kama Juma Bhalo, aliyependa mahadhi ya Kihindi, na Zein l’Abdin, bingwa wa udi, bado ina wapenzi wake, na mahali pake pa asili ni harusini.

Upande wa nyuma, mji unapopanuka kuelekea katikati ya kisiwa, liko soko la Marikiti, penye iliki, karafuu, mdalasini, mabuyu ya rangi na achari za maembe. Halafu hufuata mtaa wa Biashara, makao ya leso na kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 na linalojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ndilo lililoheshimika zaidi katika biashara hiyo. Kanga huuzwa kwa doti, na mnunuzi mwenye busara husoma jina lililoandikwa kabla ya kutazama rangi. Muuzaji atamfafanulia kama ni la kumpa mama au la kumrushia jirani.

Kuelekea Kilindini

Njia ya kutoka Mji wa Kale kwenda magharibi ni safari ya kutoka majahazi kwenda meli. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliufanya mji huu makao yake katika miaka ya 1880, na mwaka 1896 reli ya kwenda Ziwa Victoria ilianzia hapa. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga; ilifika Kisumu mwaka 1901. Serikali baadaye ilihamia Nairobi, lakini bandari haikuhamishika, na magati ya kina yaliyojengwa Kilindini katika miaka ya 1920 yalimaliza enzi ya Bandari ya Kale kama lango kuu.

Majengo ya wakati huo na ya baadaye yametapakaa. Kanisa kuu la Kianglikana, lenye kuba na matao yaliyoigwa kwenye majengo ya Kiislamu, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kumkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mtaa wa Langoni una hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe. Mahakama ya zamani iko karibu na ngome.

Pembe za Barabara ya Moi ndizo picha ya Mombasa kwenye kadi za posta, ingawa zina historia fupi na ya ajabu kidogo. Zilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya binti mfalme Elizabeth. Baba yake akafa wakati yeye yuko Nyeri, naye akarudi Uingereza akiwa malkia. Zilizodumu zilifuata mwaka 1956, alipokuja mdogo wake Margaret. Picha moja inatosha.

Kinachostahili muda zaidi ni kando ya bahari ya Mama Ngina, kusini mwa kisiwa, iliyokarabatiwa mwaka 2019. Mibuyu mikongwe imepanga hapo, na meli za makontena hupita karibu kiasi cha kuonekana mabaharia. Alasiri, hasa Jumapili, familia za mji mzima hukutana: Waswahili, Wahindi, Wamijikenda, Wakamba, watu wa bara waliohamia kwa kazi za bandari. Huuzwa madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kachri. Hakuna mahali pengine kisiwani ambapo mgeni ataona watu wa aina nyingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Si mbali na hapo, upande wa Kilindini, imesimama nguzo ya Mbaraki, mnara wa matumbawe wa karibu mwaka 1700 kando ya msikiti wa zamani zaidi. Baadhi ya watu huamini una pepo, na wapo wanaopeleka ubani na marashi. Watalii ni wachache.

Ng’ambo

Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa daraja la kuelea la mwaka 1931, huelekea pwani ya kaskazini. Njia panda ya Kengeleni ina kengele iliyopapa jina. Ilikuwa ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na misheni ya CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Inasimuliwa kuwa ililia kila hatari ya washikaji watumwa ilipokaribia. Viongozi wake wengi walikuwa Waafrika waliosomeshwa India baada ya kuokolewa baharini, na kutoka kwao walitoka baadhi ya walimu na makarani wa mwanzo wa Kenya. Umuhimu wake katika historia ya nchi ni mkubwa kuliko hadhi ya mahali penyewe, ambapo magari hupiga honi pande zote. Nyali pia liko kaburi la Rosina Krapf, aliyefariki mwaka 1844, miezi michache baada ya kufika na mumewe Johann Ludwig Krapf. Krapf mwenyewe alifungua misheni Rabai mwaka 1846 akiwa na Johannes Rebmann, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Rabai leo kuna makumbusho madogo, na safari yake ni ya nusu siku.

Rabai pia ni mlango wa kuzijua kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya si bustani. Huingiwa kwa idhini ya wazee na pamoja nao. Huvaliwa kaniki, wala hakuna kukata jani. Iliyozoea kupokea wageni ni Kaya Kinondo, karibu na Diani.

Bamburi, hifadhi ya Haller ni kivutio cha aina nyingine kabisa. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba matumbawe hadi kuacha jangwa la mawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, mmoja wa miti michache iliyovumilia chumvi ya pale. Majani yake yaliyoanguka yalikuwa hayaozi mpaka alipowaachia majongoo, nao wakayageuza udongo. Sasa ni msitu wenye mabwawa, twiga na viboko. Wengi huikumbuka kwa Owen, ndama wa kiboko aliyepotezwa na mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe aitwaye Mzee.

Mbele ya hapo, Mtwapa, kuna Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa karne ya 14 uliohamwa katika karne iliyofuata. Nyumba zake za mawe, vyoo vyake na misikiti minne, mmoja ukiwa ukingoni kabisa mwa bahari, humsaidia mgeni kuona jinsi mji wa Waswahili ulivyokuwa kabla ya Wareno, jambo ambalo kisiwani limefunikwa na majengo ya baadaye. Mwenye siku nzima aendelee hadi Gedi, karibu na Malindi, mji mkubwa zaidi uliomezwa na msitu. UNESCO iliutambua mwaka 2024.

Kusini huvukwa kwa feri ya Likoni, bure kwa waendao kwa miguu. Asubuhi na jioni huwa na msongamano wa wafanyakazi, hivyo mgeni asiye na haraka avuke katikati ya siku. Diani inajulikana kwa mchanga wake mweupe, lakini kwenye mlango wa mto Mwachema, chini ya mibuyu, upo msikiti wa Kongo, wa kale na unaosaliwa hadi leo. Mbele kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania, ni Shimoni, penye mapango ambamo inasimuliwa watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Mashua za kwenda Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite huondoka hapo asubuhi. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa safi na joto ni kali; mwezi Mei mvua za masika huwa zimekolea na safari nyingi husimama; kati ya Julai na Oktoba hewa ni nzuri kwa kutembea mjini, ila kusi huitibua bahari, na wapiga mbizi hulazimika kuwategemea manahodha kuchagua siku.